Paka wa Koridoni

Mgeta, nyumbani

Mwanangu Koleta,

Shikamoo yako niliipokea asubuhi, na marahaba nilikupa nikiwa nimeinama kwenye kabichi, kwa hiyo tuseme tumeshasalimiana. Sasa hivi uko chumba cha pili na nakusikia ukifunga begi, ukilifungua, ukilifunga tena. Lori la mboga litapita alfajiri kukuteremsha mpaka stendi ya Msamvu, na mimi nimekaa mezani na kalamu kama mtu aliyeitwa kwenye mtihani.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala watu wa kuwaangalia pale stendi. Shangazi zako wamekuimbia hayo wiki nzima hadi nikakuhurumia. Kazi ya ualimu unayokwenda kuianza siijui, na Katavi sijawahi kufika. Kitu ninachokijua kidogo, tena nimekijua kwa kuchelewa, ni ugomvi wa paka. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Jana ulipokuwa ukimenya viazi uliniuliza, "Baba, mimi nikiondoka, wewe utabaki hapa au utarudi kwenu Kinole?" Nami nikainama kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Uliona, ukaendelea kumenya. Barua hii ndiyo jibu la swali lile. Ila siwezi kulifikia moja kwa moja, lazima nipitie kwa wale paka, Sista na Karoti.

Sista alikuja humu ndani kabla ya ugonjwa wa mama yako. Mama yako ndiye aliyempa jina, kwa sababu ya ule weusi wenye kifua cheupe, na kwa sababu, alisema, hajawahi kumwona akifanya haraka hata siku moja. Mama yako alipolala kitandani asiinuke tena, Sista alihamia miguuni pake. Shangazi yako mkubwa alitaka kumfukuza, akisema paka hawalali na mgonjwa. Mama yako akasema, "Mwacheni, ananipasha moto." Ile miguu mimi nilikuwa naikanda kila jioni kwa mafuta ya moto na bado ilikuwa baridi. Nilimwonea wivu yule paka, Koleta. Mke wangu anakufa, na mimi naona wivu kwa paka.

Kisha ukaja msiba. Unamkumbuka mtani wa ukoo wa mama yako, yule mzee mrefu aliyevaa gauni la marehemu siku ya kuondoa matanga. Alifunga kitambaa kichwani kama yeye, akatembea kama yeye, mkono mmoja kiunoni, akasimama mlangoni akaniita kwa sauti yake: "Baba Koleta! Chai inapoa!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Halafu akamwona Sista kwenye korido, akamwonyesha kwa kidole, akasema, "Mjane mwenyewe ndiye huyu. Wewe bwana ni mgeni tu. Ukimaliza ubwabwa, ushike njia ya Kinole." Nikampa jogoo wake, kama mila inavyotaka, maana maneno ya mtani hayakasirikiwi. Lakini hakuna aliyesema maneno ya mtani hayaingii. Yale yaliniingia yakakaa.

Yalikaa kwa sababu ni ya kweli. Unajua mwenyewe ardhi hii ni ya lukolo, ukoo wa mama yako, na wewe ni wa ukoo huo kwa sababu yeye ndiye aliyekuzaa. Mimi nilikuja hapa kijana, na panga, godoro, na miche ya pilipili manga ambayo baridi ya huku iliiua yote mwaka wa kwanza. Wajomba zako walinicheka sana. Nilijenga nyumba hii juu ya ardhi ya mke wangu. Tofali nilifyatua mimi, lakini udongo ni wenu.

Wiki chache baada ya matanga, mjomba wako Kostantini alikuja kunisalimu. Tukakaa, akanywa togwa, tukazungumza habari za mvua na njegere. Alipoinuka kuondoka akanishika bega, akasema, "Shemeji, hatukufukuzi." Ni mtu mwema mjomba wako, na alisema kwa wema. Lakini mtu haambiwi hafukuzwi mpaka suala la kumfukuza liwe limepita kwenye vichwa vya watu. Usiku ule sikulala.

Ndipo Sista alipoanza kukaa koridoni. Palepale katikati, kati ya sebule na jiko, mgongo umenyooka, macho yametazama mbele mahali ambapo hakuna kitu. Anakaa hapo hadi taa ya sola inafifia. Wanawake waliokuja kutusaidia kazi walimwona, wakanong'ona, "Anamwona marehemu mwenyewe." Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mimi sikuogopa. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi tangu msiba. Nikabeba kiti changu kutoka sebuleni, nikakiweka koridoni kando ya paka, nikawa nakaa pale kila jioni.

Nilikuwa naongea naye, Koleta. Na mama yako, si na paka. Nilimweleza mvua imegoma, nilimweleza jirani amehamisha mpaka wa matuta kidogo, nilimweleza binti yake amekuwa mkali kama yeye. Na kuna jioni nilisikia akinijibu. Sitaki kukudanganya usiku wa leo. Nilisikia, "Chai inapoa," karibu kabisa na sikio, halafu nikakaa nikijiuliza kama ilikuwa sauti ya mke wangu au ya yule mtani aliyevaa gauni lake. Mpaka leo sijui. Kuna siku nimejaribu kuikumbuka sauti yake na inayokuja ni ya yule mzee.

Hali yangu ilikuwa hiyo ulipomleta Karoti.

Ulikuwa na sababu nzuri. Panya walikuwa wamemaliza mbegu za njegere stoo, na Sista siku hizo hakuwa na habari na panya. Ukapewa dume jekundu kule gulioni, ukaja naye ndani ya kiroba, anapiga kelele njia nzima. Mimi nikafanya kama tulivyofanyiwa tangu utoto: nikampaka majivu ya jikoni miguuni ili asisahau nyumba, nikamzungusha mafiga, halafu nikamtua sebuleni mbele ya Sista, nikasema, "Haya, salimianeni." Sista alimtazama. Karoti akajikunja, akatoa sauti moja ya pumzi, akakimbilia chini ya kabati. Nikakwambia, "Umeona? Yamekwisha. Hata hawakupigana."

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mwenyewe nimekwambia methali hiyo mara nyingi nikikusudia watu wengine.

Maana humu ndani hapakuwa na kelele. Karoti alikonda. Alikojoa kwenye gunia la mbegu, halafu kwenye koti langu, halafu siku moja akakojoa juu ya kitenge cha mama yako nilichokuwa nimekitandika kitandani upande wake. Nilimpiga kwa kandambili. Ukanishika mkono ukasema, "Baba, usimpige, anaogopa." Nikakujibu, "Anaogopa nini? Anakula bure, analala bure." Ukasema, "Njoo ukae jikoni uangalie." Sikuja. Nilikuwa na shughuli zangu koridoni.

Siku ya mvua ile ya mawe ndiyo siku waliyopigana. Mbwa wa jirani alipita dirishani akibweka, Sista akavimba mkia, na kwa kuwa mbwa alikuwa nje na Karoti alikuwa ndani, akamrukia Karoti. Nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama. Wewe ukaingiza mkono kuwaachanisha. Ningekuwa nimekufundisha kitu cha maana maishani, ningekufundisha kwamba paka wanaopigana hawaingiliwi kwa mkono; unatupa blanketi, unaingiza ungo katikati, unagonga sufuria. Sikukufundisha kwa sababu sikujua. Jino la paka ni jembamba, linazama hadi ndani, halafu ngozi inajifunga juu kama hakuna kitu. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na kule zahanati walilazimika kuikata pete ya mama yako kidoleni mwako.

Ulirudi kwa bodaboda umefungwa bandeji, uso umepauka. Na mimi nilipokupokea hapo nje, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Pete iko wapi?"

Ulitoa vipande mfukoni, ukaniwekea mkononi, ukaingia ndani. Hatujawahi kuzungumza juu ya jambo hilo. Nimelikumbuka kila siku tangu hapo, nikipalilia, nikimwagilia, hata kanisani wakati wa kuungama. Padri nilimwambia mengine.

Baada ya hapo ulichukua mambo mikononi mwako, tena mkono mmoja. Ukauliza bwana mifugo, ukasoma kwenye simu. Karoti akahasiwa, akafungiwa stoo. Sista akabaki huku. Ukawa unachukua kitambaa alicholalia huyu unampelekea yule alalie, na cha yule unamletea huyu, ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake bila kuonana. Sahani ukaziweka pande mbili za mlango uliofungwa. Mimi nilikucheka. Nilisema fahali wawili hawakai zizi moja, mmoja tumpeleke kwa watu. Wewe ukaendelea kubadilisha vitambaa. Na walipoanza kula wakisikiana bila kunguruma, ukamfungulia Karoti, kisha ukaja kwangu na ombi moja.

Ulisema, "Baba, naomba uhamishe kiti. Sista anakaa chini ya kiti chako, na Karoti hawezi kupita kwenda jikoni."

Nikasema, "Mama yako yuko pale."

Niliona uso wako. Bandeji ikiwa bado mkononi, ukasema, "Sawa, Baba." Ni sawa mbaya kuliko zote ulizowahi kuniambia.

Halafu ukaenda Morogoro mjini kwenye usaili, ukaniachia paka. Ikabidi mimi nikae jikoni. Jioni ya kwanza, mvua ya manyunyu, nimeweka chakula, nasubiri. Karoti akatokea sebuleni. Kutoka jikoni nilimwona vizuri kule mwisho wa korido. Alinyoosha shingo. Sista alikuwa chini ya kiti changu kitupu, hakufanya kitu chochote, hakunguruma, hakuinua hata unyayo. Alimtazama tu, kwa yale macho yaliyonyooka niliyoyaita ya kumwona marehemu. Karoti akashusha mkia, akageuka, akaruka dirishani, akaizunguka nyumba yote kwenye mvua, akaja kuingia kwa mlango wa nyuma amelowa chapachapa.

Nikatoka na tochi kumfungia mlango. Hapo nje, ukutani, nikaona njia. Majani yalikuwa yamekufa, udongo umekuwa mgumu kwa kukanyagwa. Paka mmoja hawezi kutengeneza njia ya namna ile. Kwenye tope kulikuwa na nyayo zake mbichi, na kando yake, za tangu juzi, zilizoanza kufutwa na mvua, nyayo za ndala zako.

Nilisimama pale na tochi hadi nikalowa. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho uliyoingia kwa mlango wa mbele ukapita koridoni ukanikuta nimekaa. Sikukumbuka. Ulikuwa unatoka shamba, unaizunguka nyumba ulimozaliwa, unaingilia jikoni, unapika, unaniwekea chakula mezani, unazunguka tena kwenda kulala. Na mimi nilidhani nyumba imetulia.

Nitakwambia kitu ambacho kiliniuma zaidi, na unisamehe kwa kukisema. Kama Sista alikuwa analinda njia tu, basi hapakuwa na mtu pale koridoni. Miezi yote ile niliongea na ukuta. Nililia jioni ile kuliko nilivyolia makaburini. Nilimpoteza mama yako mara ya pili, na safari hii hakukuwa na watani wala ubwabwa.

Nilihamishia kiti barazani usiku uleule. Nikapigilia ubao ukutani juu, ili mmoja apite chini na mwingine apite juu. Sahani moja nikaiacha jikoni, nyingine nikaipeleka stoo. Sista alilala siku mbili mahali pa kiti, kisha akaondoka mwenyewe. Wale paka hawapendani, Koleta, na sidhani watapendana. Lakini juzi nimewaona wakiota jua kwenye gunia moja, huyu mwanzo wa gunia, yule mwisho, kila mmoja akijifanya mwenzake hayupo. Imenitosha.

Uliporudi kutoka mjini na habari za kazi, nilikuwa barazani nakusubiri. Nilitaka uone korido tupu. Wewe ukanisalimia, ukashika mfuko wako, ukakata kona kuelekea nyuma. Nikakuita, "Mwanangu, pita hapa mbele." Ukacheka kidogo ukasema, "Nimezoea, Baba."

Karoti naye bado anapitia dirishani. Korido iko wazi mchana kutwa na hakuna anayemzuia.

Kwa hiyo nikikuogopea safari hii, siogopi majambazi wala malaria. Naogopa kwamba utafika kule, ukute mtu amekaa njiani, mwalimu mkuu, au mume, au mama mkwe, asiyekupiga wala kukutukana, anayekutazama tu, na wewe kwa adabu yako utatafuta dirisha. Unazunguka vizuri mno, mwanangu. Hulalamiki. Nilikufundisha mimi bila kujua. Ukijikuta umeanza kuzunguka, simama umwambie mwenye kiti ahamishe kiti, na akikataa mwambie tena, kwa sauti. Ungenipigia kelele siku ile ningekasirika wiki nzima, lakini kiti kingeondoka.

Na siku moja utakuwa wewe uliyekaa njiani. Sikutishi. Anayekaa njiani hajioni. Mimi nilijiona mfiwa. Huyo Sista naye, nadhani, hakuwa na ubaya. Mtu aliyempasha moto alikuwa ameondoka, nyumba imejaa harufu ngeni, akashika mahali pamoja asipaachie. Ukiona watu wanaokupenda wameanza kuwa kimya wanapokukaribia, usiwaulize wana nini. Angalia umekaa wapi.

Sasa swali lako.

Nilikaa kwenye ile korido kwa sababu ya mama yako, hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikaa pale kwa sababu niliogopa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa na aliyenipa ameondoka nalo. Nilijiambia nikishika katikati ya nyumba hakuna atakayenitoa. Nilikuwa nalinda nyumba dhidi ya wenyewe, na mwenyewe wa kwanza ni wewe. Mjomba Kostantini anaweza kusema hatukufukuzi, lakini kauli ya mwisho si yake. Nyumba imetoka kwa mama yako imekuja kwako. Nimeishi humu tangu azikwe kama mtu mwenye haki, na hata siku moja sikumwuliza mwenye nyumba.

Kinole wapo ndugu zangu, na kuna chumba. Ukisema niende, nitakwenda bila kinyongo, na nitamchukua Karoti, maana sisi wawili tulikuja kwa njia moja. Sista nitamwacha, yeye ni wa ukoo.

Lakini mimi sitaki kwenda. Nataka niamke hapa, nipalilie kabichi, niwape chakula hao wawili kila mmoja na sahani yake, na siku ukirudi likizo nikusikie ukija. Mimi ni baba yako, na desturi inanipa ruhusa ya kukuamuru mambo mengi. Hili siwezi kukuamuru. Koleta, mwanangu, naomba unikaribishe nibaki nyumbani kwako.

Usinijibu kesho mbele ya watu wa lori. Lifikirie njiani, ulale nalo kule ugenini, ukiwa tayari unipigie. Na kesho ukiona nashughulika mno na kamba za mizigo na sikutazami usoni, usidhani nimekasirika. Nitakuwa nimeshaanza kusubiri.

Ni mimi baba yako, ninayeomba.